Viazi vya kuponda: upike nyumbani au ununue pakti? Nimejaribu vyote

Assalam aleikum, hamjambo wote, karibuni tena jikoni kwangu hapa Kisauni, Mombasa. Leo siji na mapishi ya chukua hiki tia kile, leo nina swali moja tu. Viazi vya kuponda, vile watu wanaviita mash, je vyafaa taabu ya kuvipika mwenyewe nyumbani au bora ununue ile pakti ya supamaketi utie maji moto ukoroge umalize? Wiki hii nimevipika mara tatu, pakti nimenunua, na Jumamosi nikaenda kula sahani moja ya hoteli, yote kwa pesa zangu, hakuna mtu alonipa kitu, kwa hivyo ntakayosema ni yale nlioyaonja kwa ulimi wangu.

Na jibu nawapa sasa hivi asiyekuwa na bando asikae kungoja: vyafaa. Tena vyafaa sana. Lakini kuna namna ya kuvipika, ukikosea ile namna wallahi bora pakti.

Haya, pakti. Hebu tazameni, nimeimimina kwenye sahani muione, mwaona vile ni vipande vipande vyepesi kama karatasi iliyochanwachanwa? Hii ilianza Marekani miaka ya 1950, maabara ya idara yao ya kilimo karibu na Philadelphia ndiyo iliyotengeneza njia hii, kiazi huchemshwa kikapondwa, halafu hupakwa juu ya pipa la chuma lenye moto linalozunguka, chakauka pale pale chawa kama karatasi, chabanduliwa chavunjwa. Sasa sikilizeni jambo lililonipendeza mimi, kabla ya kukiivisha hasa wao hukitia kwanza kwenye maji ya moto wa kadiri, kama digrii 70 hivi, si ya kuchemka, kisha wakakipoza, halafu ndio wakakipika. Wafanya hivyo ule wanga utulie ndani ya kiazi usitoke nje ukanata. Likumbukeni hilo neno wanga, maana habari yote ya leo ni wanga, nitarudi hapo.

Ladha yake? Ni laini, hakuna hata donge moja, na dakika tano ushamaliza. Lakini ukila kijiko cha pili wakitafuta kiazi hukioni, wapata chumvi, wapata maziwa ya unga, ile harufu ya kiazi kilichotoka sufuriani haimo. Na mimi nlilipa zaidi ya shilingi 400 kwa pakti moja ya kula watu wanne, hao wanne wawe si walaji. Kwa mtu alo peke yake chumba kimoja, atoka kazini saa nne za usiku, ana jagi la umeme tu hana meko, simwambii asinunue. Mwenye sufuria na watoto simshauri.

Sasa hoteli. Sitaitaja jina na msiniulize. Sahani ya kando peke yake, viazi tu, shilingi 350, ikaja imepambwa na jani juu, yang'ara. Nikatia kijiko nikakiinua, ile kitu ikavutika, yaani ikanifuata na kijiko kama ule ugamu wa kubandikia bahasha. Nikajua papo hapo, hii imepigwa blenda.

Nlijuaje? Kwa sababu mimi mwenyewe lilinifika. Mwaka juzi mfungo wa Ramadhani, nlikuwa na wageni wa futari, wakwe hao, nikaona kuponda kwa mkono kutanichelewesha nikavimimina viazi vyote kwenye blenda na maziwa nikawasha. Dakika moja tu. Nlipofunua nikakuta kitu cha kijivujivu kinanata, nikatia maziwa zaidi kikazidi kunata, nikatia siagi, hapana, na adhana hiyo yakaribia. Viazi kilo mbili. Niliumia sana siku ile, si kwa pesa, niliumia kwa sababu sikujua nimekosa wapi, na sikupenda kutojua.

Sasa nimejua, nawaeleza. Kiazi ndani yake kimejaa vijumba vidogo vidogo usivyoviona kwa macho na kila kijumba kina wanga. Ukikichemsha ule wanga wanyonya maji wavimba, lakini bado umo ndani ya vijumba vyake. Ukikiponda taratibu vile vijumba vyaachana tu, kila kimoja kiko salama, ndio wapata mash laini inayokaa kwenye kijiko. Kisu cha blenda chapasua vyote, wanga wote watoka nje wachanganyika na maji, na wanga na maji ya moto ni nini? Ni gundi. Ile ile wanayopika mafundi wa kubandika karatasi. Hauwezi kuurudisha ndani tena, ndio maana hata utie siagi kopo zima haisaidii.

Kwa hivyo kwa mkono. Mimi natumia hiki chuma chenye matundu chini, cha kupondea viazi, cha bei rahisi kabisa, nlikinunua Marikiti. Kama huna, mchi wa kinu wafaa au hata mwiko, waponda kwa kushuka chini tu wala huzungushi kama wakoroga uji. Na ukitaka iwe laini kama ya wakubwa, ipitishe kwenye chujio la waya kwa mgongo wa kijiko, mikono itakuuma lakini utaona tofauti.

Viazi vyenyewe, hapa nataka niseme kidogo kwa sababu watu wa Mombasa twadharau. Sokoni Kongowea vingi utakavyopata ni aina ya shangi, vyatoka Nyandarua, Meru, Molo huko, na shangi ni kizuri kwa kazi hii, chaiva haraka na kina unga. Lakini shangi hakikai, chaota macho upesi, na joto letu hili ndio kabisa, kwa hivyo usinunue gunia kwa sababu ni rahisi, nunua cha siku tatu nne. Na vigeuzegeuze. Magunia pale husimama juani, kiazi kikipigwa na jua chawa kijani kwenye ganda, na pamoja na ule ukijani huwa na sumu inayofanya kiwe kichungu. Juzi muuzaji ananiambia mama chukua hivi vizuri, nikakigeuza kimoja upande wa pili kijani kitupu, nikamwambia mwanangu nitolee vya chini ya gunia. Akanitolea bila neno, kilo shilingi 100.

Halafu maji. Hili sijaona mtu akilisema na kwetu sisi ndio kubwa. Wengi wetu maji ya kuoshea na ya kupikia ni ya kisima, na twayajua yalivyo, yana chumvi na yana chokaa, kwa sababu chini yetu hapa ni mawe ya matumbawe na maji yapita humo humo. Ile chokaa hukaza kiazi, kile kinachoshikanisha vile vijumba nlivyowaambia chakazwa hakiachani vizuri. Jumatatu nlichemsha kwa maji ya kisima, viazi vimekaa motoni zaidi ya nusu saa na bado katikati vina ugumu, nikaponda nikapata madonge. Jumatano viazi vya mfuko ule ule, sufuria ile ile, nikanunua dumu moja la maji matamu kwa kijana wa mkokoteni, dakika ishirini vimeiva vyamomonyoka. Kwa hivyo kama maji yako ni ya kisima, nunua matamu ya hiyo sufuria moja tu, yafaa. Na ukishindwa ukatumia ya kisima basi usitie chumvi kabla hujaonja.

Sasa nivipike mbele yenu. Nimemenya kilo moja, nimevikata vipande sawasawa, kama ukubwa wa kipande cha nyama ya pilau hivi, nikavisuuza mpaka maji yakatoka meupe kidogo tu, huo weupe ni wanga wa juu naumwaga. Navitia kwenye maji baridi na chumvi kijiko kidogo kimoja, baridi jamani, kwa sababu ukivitia kwenye maji yanayotokota nje vyaiva vyavurugika na ndani bado. Moto wa kadiri. Kisu kikiingia kikatoka bila kuvutana, vishaiva.

Namwaga maji. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu, wamwaga maji waponda hapo hapo. Ngoja! Irudishe sufuria mekoni moto mdogo kabisa, bila kifuniko, dakika moja mbili, tikisa tikisa. Sogeza kamera hapa Salma, mwaona ule mvuke? Hayo yote ni maji yanayotoka, na mwaona vipande pembeni vinaanza kuwa vyeupe vya unga unga, kama vimepakwa poda? Hapo ndipo. Maji yakitoka, maziwa na siagi vyapata pa kuingia.

Naponda sasa vikiwa vya moto. Siagi kwanza, kabla ya maziwa. Siagi hupaka ule wanga mafuta kwanza, halafu maziwa yakija hayanati. Mimi kwa kilo natia gramu 60 hivi, Wafaransa wao wana mpishi wao mashuhuri, Joël Robuchon, alifariki 2018, mash yake ndiyo iliyompa jina kubwa na mapishi yake ni kilo moja ya viazi kwa gramu 250 za siagi. Robo kilo! Sijathubutu, siagi yenyewe bei yake mwaijua, lakini siku moja nitaipika hiyo nione. Maziwa yawe ya moto, ya baridi yapoza viazi na hayaingii vizuri. Pilipili manga kidogo, basi.

Onjeni na macho. Hii hainati, hebu tazama nainua kijiko, yaanguka yenyewe.

Lakini ilonipa furaha wiki hii si hii, ni ya Ijumaa. Maziwa yalikuwa yamekwisha, nina nazi imekunwa ya samaki, nikasema hebu. Nikachukua tui zito, lile la kwanza, nikalipasha moto mdogo bila kuliacha litokote maana tui likitokota ovyo lakatika, nikatia kwenye viazi badala ya maziwa na siagi nusu, na ndimu tone mbili tatu. Subhanallah. Nikaipakua na changu wa kupaka, ule mchuzi wa ukwaju ukateremka ukaingia kwenye viazi, mume wangu ambaye hula wali tu, viazi kwake ni bhajia na viazi karai, akanyamaza akala, akaongeza. Hiyo ndiyo nawaambia haimo kwenye pakti yoyote.

Hesabu kwa haraka. Viazi 100, maziwa kama 35, siagi kama 90, maji dumu moja, gesi kidogo. Haijafika bei ya pakti na twala watu wanne tukashiba. Wakati, kumenya dakika kumi na tano, kuchemsha ishirini, kuponda kumi. Dakika arubaini na tano, na katika hizo ishirini za kuchemka waweza kukaanga kitunguu au kusali.

Kitu kimoja tu bado kwangu si kizuri, nitakisema: mash hailali vizuri. Ukiitia kwenye friji kesho yake yakaza na ukiipasha yawa kavu, utalazimika kuongeza maziwa na haiwi kama ya jana. Kwa hivyo mimi kabla ya kutia maziwa natoa bakuli moja la viazi vilivyopondwa vikavu naweka kando, hivi hapa, hivi ni vya katlesi za kesho. Vikitiwa maziwa vyawa laini havishikani, na katlesi ya kupasukia kwenye mafuta sote twaijua machungu yake. Na kama mnavyoona kwa katlesi ule ukazaji wa friji ndio wautaka, kiazi kinakaa vizuri mkononi.

Haya, samaki wangu ashaiva, ngoja nikapakue kabla hajapoa. Anayetaka vipimo vya ile ya tui aniandikie, na nimuulize anayepika kwa maji ya Likoni au Mtwapa, kwenu viazi vyaiva kwa dakika ngapi?