Miezi mitatu katika duara la usomaji la Ibanda, Bukavu

Kwa miezi mitatu nimehudhuria, kila Jumamosi alasiri, duara la usomaji linalowakutanisha walimu wa sekondari, wanafunzi wa chuo na finalisti wachache, yaani wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, katika komini ya Ibanda. Ada ni faranga 5,000 kwa mwezi, nayo hulipia fotokopi tu. Hakuna anayelipwa kwa kufundisha.

Katika muda huo wote tumesoma kitabu kimoja, Antigone ya Sophocles, tamthilia ya Kigiriki ya karne ya 5 kabla ya Kristo. Wapo watakaouona huo kuwa mwendo wa kinyonga. Mimi nimeifundisha tamthilia hiyo miaka mingi, majuma mawili kila mwaka, wala sikuwahi kuisoma ipasavyo mpaka nilipoketi na watu hawa. Kanuni yao ni moja: anayetoa maoni sharti aonyeshe mstari unaoyabeba, awe mwalimu mkongwe au mwanafunzi aliyejiunga jana.

Manufaa ya kanuni hiyo niliyaona tulipokaribia mwisho. Mfalme Creon amekataza maiti ya Polynices isizikwe. Antigone, dada wa marehemu, amemfunika kaka yake kwa udongo, na kwa kosa hilo amefungiwa pangoni akiwa hai. Baada ya mwaguzi kipofu Tiresias kumwonya mfalme, wazee wa mji wanamshauri kwanza amtoe msichana, kisha amjengee marehemu kaburi. Finalisti mmoja, binti aliyekuwa kimya tangu siku ya kwanza, akauliza kwa nini basi Creon alianza na maiti. Tukarudi kwenye maneno ya mjumbe, tukakuta ndivyo ilivyo: walimwosha marehemu, wakamchoma, wakamrundikia udongo, ndipo wakaelekea pangoni, ambako Antigone alikuwa amekwisha kujinyonga. Tulibishana mpaka giza likaingia. Mzee mmoja alishikilia kwamba kwetu pia maiti haiwezi kungoja, binti akamjibu kwa heshima, "Baba Mwalimu, aliye hai ndiye asiyeweza kungoja."

Kasoro zipo. Majuma mawili ya kwanza yalipotea kwa sababu tangazo halikutaja Antigone ipi, na karibu nusu yetu tulikuja na ile ya mwandishi Mfaransa Anouilh, iliyochezwa Paris mwaka 1944, ambamo Tiresias hayumo kabisa. Fotokopi nazo ni chache, watu watatu kwa nakala moja. Tena, ingawa mjadala ni wa Kiswahili, maandishi ni ya Kifaransa, na vijana wengine huchoka na msamiati kabla ya kuufikia ugomvi wenyewe. Ningependa kitabu kijacho kiwe Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri na kuitoa mwaka 1969.

Ada ya mwezi wa nne nimekwisha kuilipa. Atakayekuja aje na kalamu ya risasi, na ahakikishe kwamba jina lililo juu ya nakala yake ni Sophocles.