Kupima eosinofili Moshi: maabara ya karibu na stendi

Kwa mwenye pumu isiyotulia anayetaka kupima eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu), maabara hii binafsi inafaa, ila karatasi ya majibu isomwe kwa makini. Damu wanaitoa vizuri: kichupa cha kifuniko cha zambarau, kinageuzwa taratibu mara 8 hadi 10 papo hapo. Kisipogeuzwa, damu huganda na hesabu huharibika.

Kasoro yao ni kuandika asilimia tupu, wakati daktari anataka idadi. Zidisha mwenyewe: chembe nyeupe 6,000 kwa mikrolita, eosinofili asilimia 7, unapata 420. Ikifika 300 hivi, pumu ya eosinofili, yaani inayochochewa na chembe hizo, huanza kufikiriwa. Mapokezi hawaulizi kama umemeza prednisoloni (dawa ya steroidi), nayo hushusha hesabu ndani ya saa chache. Minyoo je? Huipandisha, kwa hiyo omba na kipimo cha choo.

Seli changa, yaani zile ambazo bado hazijakomaa kuwa eosinofili, hawapimi, na tusiwalaumu. Hicho bado ni kipimo cha watafiti. Seli hizo, zenye alama ya CD34 (protini iliyo juu ya seli), hutoka kwenye uboho, na zikichochewa na intalukini-5 (protini ya mwili inayokuza eosinofili) zinaweza kukomaa humo humo kwenye njia ya hewa. Hiyo ni sababu mojawapo ya damu kuonekana shwari huku makohozi yamejaa eosinofili.