Apdeti ya Windows inagoma kila siku? Usipige fomati, bonyeza hiki kitufe kwanza

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo jamani nimekuja na moto, maana kitu ninachowaonesha hapa kimeokoa laptopu ya shangazi yangu wiki hii na furaha bado haijaniisha. Ni kitufe. Kitufe kimoja tu, kimo humo humo ndani ya Windows 11, bure, hakiuzwi popote, na kila ninayemuuliza hakijui, mtu apdeti ikimgomea anaenda moja kwa moja kwa fundi kulipia fomati.

Stori kwanza. Shangazi yuko Morogoro, ni fundi cherehani, vipimo vya wateja wake, madeni, picha za mitindo, vyote viko kwenye hiyo laptopu. Akanipigia, hata shikamoo yangu hakuimalizia kuitikia, "mwanangu hii mashine kila nikiizima inaniambia nisubiri, inapanda asilimia weee halafu inasema inarudisha kama ilivyokuwa." Mnaijua hiyo hali. Inazunguka, inaristati, inazunguka tena, unarudi pale pale ulipoanza, kesho yake hivyo hivyo. Miezi mitatu! Na alishaipeleka kwa fundi mmoja, akaambiwa dawa ni fomati, elfu thelathini, na kwamba picha "zitapungua kidogo". Wadau, fomati haipunguzi kidogo. Diski ikifutwa imefutwa, na shangazi hana kopi popote, wala flashi. Nikamwambia shangazi usimpe mtu, ipakie kwenye basi ije Dar.

Mashine yenyewe siielezei sana, RAM 8, SSD 256, mnazijua hizi, Kariakoo zimejaa. Twende kwenye kitufe.

Bonyeza alama ya Windows pamoja na herufi I, setingi hizi hapa zimefunguka. Ingia System, shuka, shuka, shuka mpaka Recovery, fungua. Hapa utakuta Reset this PC, hiyo usiiguse, narudia tena, usiiguse, hiyo ni habari nyingine kabisa. Tafuta mstari ulioandikwa Fix problems using Windows Update, na pembeni yake kuna kitufe, Reinstall now. Mmekiona? Hicho ndo chenyewe.

Sasa hilo neno linatisha, najua, mtu akisoma reinstall anajua kwisha habari yake. Hapana. Kinachofanyika ni kwamba kompyuta inadanlodi Windows mpya toleo lile lile ulilonalo, inaipachika juu ya hii ya zamani, yaani mafaili ya mfumo yaliyoharibika yanabadilishwa, lakini programu zako, dokumenti zako na setingi zako zinabaki. Ni kama fundi anayebadilisha bati bovu na wewe umelala ndani, kitanda hakitolewi nje.

Na mimi sikuamini maneno, nilijaribu. Kwanza nikachukua picha zote za shangazi nikaweka kopi kwenye diski ya nje, hilo fanya hata kama unaniamini. Halafu nikaandika faili la Word nikaliacha hapa mbele, nikabadilisha picha ya skrini nikaweka ya cherehani yake, VLC, ile programu ya kuchezea video, nikaiacha, printa yake nikaiacha ilivyo, Chrome na paswedi zake zote. Saa mbili kasoro usiku nikabonyeza. Inakuletea kidirisha, inakuuliza kama unataka iristati yenyewe dakika 15 baada ya kumaliza. Mimi sikuweka tiki, napenda kuwepo inaporistati. Nikakubali, ikanirudisha kwenye ukurasa wa apdeti, na hapa cheki vizuri, imeandika jina la toleo la Windows halafu mwishoni kwenye mabano repair version. Ukiona hayo maneno ujue uko sehemu sahihi. Kama unaona kitu kingine, simama.

Ikadanlodi. Ikaanza kufunga. Sasa hapa kuna sehemu asilimia inaganda, unakaa dakika ishirini namba ni ile ile, na hapa ndo watu wanaharibu, wanashika kitufe cha kuzimia. Usizime! Angalia taa ndogo ya diski kama mashine yako inayo, ikiwa inawaka na kuzima, ina maana kazi inaendelea ndani. Chaja iwe imechomekwa muda wote, na kama mtaani kwenu umeme unakatika katika na betri yako imekufa basi aisee usianze hii kazi, subiri siku nyingine. Umeme ukikatika katikati ya apdeti unaweza ukawa ndo chanzo cha tatizo lenyewe, na ya shangazi nahisi ilianzia hapo, maana betri yake inakaa dakika tano.

Ikaristati mara kadhaa. Saa nne na robo nikaingia. Faili la Word lipo. Cherehani ipo kwenye skrini. VLC ipo. Nikachapisha karatasi moja, printa ikatoa! Nikaenda kwenye apdeti, nikabonyeza kutafuta, ile iliyogoma miezi mitatu ikaingia yenyewe bila neno. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga.

Ila sasa nisiwadanganye, mwanzo nilisema apdeti ikigoma tu ubonyeze hiki, lakini nikifikiria bando nabadilisha kauli. Hii inadanlodi gigabaiti kadhaa, sio megabaiti mia mbili mia tatu, kwa mtu wa bando la simu inauma. Kwa hiyo kabla ya hapo angalia vitu vidogo. Nafasi kwanza. Ukiona namba ya kosa 0x80070070 hiyo maana yake diski imejaa, basi, hakuna uchawi. Nenda System, Storage, Temporary files, futa takataka, kama kuna Windows iliyotangulia imekaa humo na huna mpango wa kuirudia ifute nayo, inakula gigabaiti nyingi sana. Lakini kabla ya kufuta kwenye hiyo orodha soma kila mstari, maana folda ya Downloads nayo inaweza kuwepo humo na wengi ndo tunapoweka vitu vyetu.

Pili, na hili nimeliona kwa watu wengi, wanatumia hotspoti ya simu, wameweka metered connection ili bando lisiliwe. Ni setingi nzuri, mimi mwenyewe naitumia, ila ukiiweka Windows inaacha kudanlodi apdeti nyingi yenyewe, halafu mtu anakuja analalamika apdeti haziingii. Umeizuia wewe ndugu yangu. Itoe, danlodi, irudishe. Na ukiwa huko huko kwenye setingi za apdeti ingia Advanced options, kuna kitu kinaitwa Delivery Optimization, hakikisha hujairuhusu kompyuta yako kuwagawia watu wengine wa intaneti apdeti kwa bando lako.

Tatu zile amri mbili za kukagua na kurekebisha mafaili ya mfumo, DISM halafu sfc /scannow, nishazifanyia video yake sizirudii, ila kumbuka DISM inapenda kuganda karibu na asilimia 62, iache, itasogea. Na ile ya kusimamisha huduma ya apdeti halafu unabadilisha jina folda la SoftwareDistribution, lile ambalo Windows inawekea apdeti ilizodanlodi, hiyo nayo ni nzuri sana, haili bando sana na hata mimi ningeanza nayo kabla ya kitufe. Kwa shangazi niliijaribu, ikakataa.

Kuna wakati lakini kosa sio lako kabisa. Mnakumbuka Januari 2024, ile apdeti ya Windows 10 KB5034441? Watu walikuwa wanapata 0x80070643, wanarudia wanarudia, kumbe ilikuwa inataka nafasi ya megabaiti 250 kwenye kile kipande cha diski cha kurekebishia, na kompyuta nyingi kile kipande zilikuwa nacho kidogo. Ungefuta picha zako zote kwenye C, ile sehemu kuu ya diski yenye Windows, isingesaidia kitu. Ndo maana nawaambia kila siku isome hiyo namba, iandike, usibonyeze Retry kama unacheza gemu.

Wa Windows 10, najua mnauliza. Hiki kitufe kwenu hakipo. Mnadanlodi faili la ISO, yaani faili moja lenye Windows 10 nzima, kutoka kwenye tovuti ya Microsoft, mnalifungua mkiwa ndani ya Windows, mnabofya setup, na inapouliza mnachagua kubaki na mafaili na programu. Matokeo ni yale yale, kazi tu ndo ndefu zaidi. Lakini Windows 10 msaada wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kuna mpango wa kuongezewa mwaka mmoja wa apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026, ukishindwa vigezo vya 11, kama ile TPM 2.0, chipu ya usalama, jiandikishe huko au fikiria Linux Mint, mfumo mwingine wa bure unaowekwa badala ya Windows. Mint kwenye apdeti naisifu, inakuonesha orodha, unachagua, unaendelea na kazi zako, mara nyingi hata kuristati hairistati. Ila shangazi ana programu yake ya mitindo ya Windows tu, siwezi kumhamisha mtu mzima kwenye mazingira mapya katikati ya msimu wa sare za harusi.

Na wa laptopu za ofisini, mkikosa hicho kitufe msishangae, mashine inayosimamiwa na ofisi inaweza kuwa imefungiwa, muoneni mtu wenu wa IT.

Halafu tangazo dogo, sauti leo mmeisikia iko safi, ni maiki mpya, asanteni mliochangia, na kuanzia mwezi huu video zinatoka Ijumaa jioni badala ya Jumapili kwa sababu Jumapili wengi mnasema mko kwenye familia.

Apdeti yako kama inagoma sasa hivi, niandikie hapo chini vitu vitatu, namba ya kosa kama ilivyo, toleo la Windows, na nafasi iliyobaki kwenye C. Usiniandikie "inagoma" peke yake, sitaweza kukusaidia na nataka kukusaidia. Mimi sasa hivi naifunga hii laptopu kwenye boksi, basi la Morogoro la saa kumi alfajiri, na ndani nimemwekea shangazi flashi yenye kopi ya picha zake zote.