Silikoni nzuri, muuzaji sitaki kumsikia

Naandika nikiwa bado na hasira. Kwaresima iliyopita nilipewa kazi ya mavazi ya igizo la Njia ya Msalaba kigangoni kwetu, hapa Uyole. Nilitaka madonda ya kweli, siyo kupakana rangi ya midomo. Nikaagiza kwa muuzaji mmoja wa Dar silikoni ya ngozi, chupa A na chupa B, ambazo ukizichanganya zinaganda laini kama nyama ya mwili. Akasema, "Dada, ongeza na glavu, utazihitaji." Nikaongeza. Laki kasoro kidogo, pamoja na nauli ya kifurushi kwenye basi.

Nikafinyanga jeraha kwa udongo, nikatoa kalibu ya jipsamu, ilipokauka nikaipaka mafuta ya mgando. Nikachanganya A na B sawa kwa sawa, nikamimina, kisha nikasawazisha kingo kwa kidole chenye glavu, maana kingo zikiwa nene donda linakaa kama kiraka. Nikalala. Asubuhi inanata! Nikadhani ni baridi ya huku, na kweli baridi huichelewesha kushika. Nikaisogeza karibu na jiko mpaka mchana. Bado inanata.

Nikampigia. Jamani, yale majibu! "Dada, hiyo siyo kazi ya kujaribujaribu. Umeharibu mzigo mzuri, sasa mimi nifanyeje?" Akakata simu. Hela yangu ameshaila, halafu ananikatia simu! Nilitetemeka mikono. Hata "pole" hakuna.

Usiku nikaimulika kwa tochi. Katikati ilikuwa imeshika vizuri, laini kama ndewe ya sikio. Iliyonata ni michirizi tu, upana wa kidole changu, kila nilipopitisha glavu. Nikachukua chupa, nikaiweka kwenye maji ya moto, nikabandua stika ya muuzaji yenye namba yake ya simu. Chini ya stika ndipo lilipokuwa onyo: isiguse mpira wa lateksi. Silikoni hii hugandishwa na platinamu, na salfa iliyomo kwenye glavu za mpira inazuia isigande. Glavu zile zile alizoniuzia yeye! Na onyo amelifunika kwa mkono wake!

Nilikuwa nimeshaapa kuwaambia wote msiinunue. Lakini siwezi kusema uongo. Nilirudia na glavu za plastiki za duka la dawa, na ikashika. Ikashika haswa! Nikaweka rangi, nikachanganya rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ili damu isiwe kama soda. Ijumaa Kuu yule kijana aliyeigiza Yesu aliponyoosha mkono, bibi mmoja wa benchi la mbele alisimama, akavua mtandio wake, akaenda kumfunga kidonda. Watu wazima walimrudisha taratibu akiwa analia. Na mimi nililia.

Kwa hiyo silikoni yenyewe ni nzuri, nzuri sana. Anayeanza asikubali kushauriwa ile ya mafundi wa madirisha ya aluminiamu kwa sababu ya bei. Jirani alinishauri hivyo. Ile yenye harufu ya siki si ya ngozi ya mtu.

Chupa zangu zimebaki robo. Kigango cha pili kimeshaniomba madonda ya mwakani, na sijaona mwingine anayeleta mzigo kama huo huku Mbeya. Kumpigia tena yule kaka? Siwezi. Labda akianza yeye kusema samahani. Hapana, abandue kwanza zile stika.