Risasi ya 9.3x62: kongwe lakini haijazeeka

Nimewinda na 9.3x62 misimu sita na bega langu bado liko mahali pake. Naanza na hilo kwa kuwa wengi huiogopa kwa teke lake. Teke lipo, ila linasukuma, halichapi kama la zile magnum, risasi zenye baruti nyingi.

Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, aliibuni mwaka 1905 iingie kwenye bunduki ya Mauser 98 ya kawaida. Kichwa cha risasi cha gramu 18.5 hutoka kwa kasi ya mita 720 hivi kwa sekunde. Si mbio za kujisifia, lakini uzito ule unapenya! Pofu dume niliyempiga nyuma ya bega, mita 90, alikwenda hatua chache akalala. Kichwa cha risasi tulikikuta chini ya ngozi ya upande wa pili, kimechanua kama ua, na nyama iliyoharibika haikuzidi kiganja.

Ikishapita mita 200 inashuka vibaya. Niliwahi kulenga bila kufidia, mita 250, ikapita chini ya tumbo la mnyama. Uzembe wangu, nakiri. Halafu madukani ni adimu. Nikiiona nachukua maboksi mawili papo hapo.