RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) kwenye redio ya betri na FM ya simu, hapa Tanga

Kwa usafi wa sauti FM imeshinda, sibishi. Ila mawimbi yake huenda moja kwa moja. Ukiuacha mnara mbali, kwisha. Masafa mafupi ya RTD yalidunda angani yakakufuata hadi kusikokuwa na barabara, japo kwa mkwaruzo.

Kwetu Ngamiani betri zikichoka tulizianika juani kando ya dagaa. Jioni ziliamka kidogo, tukawahi salamu na matangazo ya vifo. Jina la marehemu likisomwa, mtaa mzima ulinyamaza. Na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za hapahapa, zilitufikia kupitia Dar, ajabu hiyo!

Leo kila mtu na spika zake masikioni. Habari nitasikiliza FM. Muziki, nirudishieni mkwaruzo wangu.