Malori mawili ya zamani ya jeshi kwenye baridi ya Kitulo: injini na hita

Kwa misimu mitatu sasa ninasomba viazi mviringo kutoka Makete hadi Mbeya kwa malori mawili yaliyostaafishwa na majeshi ya Ulaya: Leyland DAF ya tani 4 iliyotumika Uingereza, na Unimog U1300L iliyotumika Ujerumani. Ninayatathmini kwa mambo mawili tu, injini mlimani na joto ndani ya kebini, kwa kuwa ndiyo wanayoniuliza wenzangu wanaotaka kununua.

Ukisoma vibati vya injini utadhani hizi ni ndugu. Unimog ina OM352 ya silinda 6, lita 5.7 na nguvu ya farasi 130, haina turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. DAF ina Cummins 6BT ya silinda 6, lita 5.9 na farasi 145, yenye turbo. Farasi 15 huonekana kitu kidogo mpaka uanze kupanda. Uwanda wa Kitulo, ambako njia yangu hupita, uko kwenye mita 2,600 hivi, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu robo, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Kwa hiyo Unimog hufika juu ikiwa na farasi wapatao 100, ikitoa moshi mweusi kwa sababu pampu inaendelea kuleta dizeli ileile wakati hewa imepungua. DAF hupanda palepale kwa gia ya juu zaidi, na moshi wake hauonekani. Vipuri vya 6BT pia havisumbui, kwani injini hiyo hutengenezwa China na kufungwa kwenye malori ya Dongfeng. Unimog nimeibakiza kwa ajili ya masika, maana ekseli zake zimeinuliwa kwa gia zilizo kwenye magurudumu, nayo hupita kwenye tope ambalo DAF husubiri kuvutwa.

Sasa joto. Mwezi Juni na Julai umande wa Kitulo hugeuka barafu alfajiri, na dereva aliyelala kwenye foleni ya kupakia huamka miguu imekufa ganzi. Malori yote mawili yalikuja na hita ya maji ya injini, lakini ya DAF ilikuwa imekatwa: fundi mmoja aliona mpira unavuja, akaunganisha njia ya maji moja kwa moja na kuliacha tatizo hapo. Niliirudisha kwa mipira mipya na klempu nne, nikawasha, ikapuliza upepo wa uvuguvugu tu. Kosa halikuwa la hita. Thamostati, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto, ilikuwa imeng'olewa, kama ilivyo desturi ya gereji zetu nyingi zinazoogopa injini kuchemka, na maji yalikuwa yakizunguka kwenye rejeta bila kufikia joto la kazi. Nilipofunga thamostati mpya inayofunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kebini ilipata joto, na injini yenyewe ikaacha kunguruma kwa ukali asubuhi. Anayefikiria lori lenye injini ya Deutz inayopozwa kwa upepo ajue kwamba halina maji ya kuchotea joto, hivyo mara nyingi huhitaji hita inayojitegemea.

Hita ya namna hiyo, inayochoma dizeli, nimeifunga kwenye DAF kwa ajili ya kulala injini ikiwa imezimwa. Ni ya kilowati 2, na hutumia robo lita kwa saa ikiwashwa hadi mwisho. Nilichagua ya volti 24, kwa kuwa kuchukua volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili huifanya hiyo moja ife mapema. Bomba la moshi nimelipitisha chini ya sakafu hadi nje ya ubavu wa lori, na mahali pa kuvutia hewa ya kuchomea napo pako nje, mbali na bomba hilo. Hapa sikubali mzaha hata kidogo, kwa sababu gesi ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu, na jiko la mkaa ambalo baadhi ya matingo huingiza kebini huua kwa njia hiyohiyo. Upungufu wake upo: kwenye hewa nyepesi ya mlimani hukusanya masizi, kwa hiyo kila mwisho wa msimu naifungua na kuisafisha. Tena haipaswi kukatiwa umeme ghafla, kwa kuwa feni huendelea kupoza chumba cha moto dakika chache baada ya kuzimwa. Pampu yake ndogo ya dizeli hugonga tik, tik usiku kucha, na tingo wangu aliilalamikia wiki nzima kabla ya kukubali kuifunga kwenye kipande cha mpira wa tairi, ambacho kimepunguza kelele hiyo.